Nafuu Si Kupona

Kuna neno moja ambalo sisi makatekista wa Kambove tunalisikia mara nyingi tunapowatembelea wagonjwa wa moyo. Tukiwauliza habari ya dawa zao, wanajibu kwa furaha: “Nimepata nafuu, nimeziacha.” Watu wa nyumbani wanaitikia, majirani wanamshukuru Mungu, na hakuna anayeogopa. Basi leo tunataka kulipinga neno hilo waziwazi, na kuwapinga wote wanaolitia nguvu, hata wakiwa watu wa kanisani. Kwani neno hilo linaua. Linaua baba na mama wenye watoto wadogo, tena linawaua wakati ambapo wote wanadhani kwamba hatari imekwisha kupita.

Pampu ya mgodi

Tuanze na ugonjwa wenyewe, ili mtu asiseme kwamba tunagombana bila kujua. Moyo unasukuma damu mwilini mchana na usiku, bila kupumzika. Ikiwa damu inapita katika mishipa kwa nguvu kupita kiasi, na huo ndio ugonjwa tunaouita tansio, au presha, moyo hulazimika kusukuma kwa shida miaka mingi, mpaka unachoka na kupanuka. Ikiwa milango midogo iliyo ndani ya moyo imeharibika, damu hurudi nyuma. Na moyo ukiisha kuchoka, maji hukaa mwilini: miguu inavimba, tumbo linajaa, pumzi inakatika mtu akipanda kilima kidogo, wala hawezi kulala bila kuegemea mito.

Mgonjwa wa namna hii anafika hospitali, anapewa dawa. Moja inatoa maji kwa njia ya mkojo, nyingine inalegeza mishipa, nyingine inautuliza moyo usiende mbio. Baada ya siku chache, au majuma machache, uvimbe unapungua, usingizi unarudi, naye anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Je, amepona? Hapana. Na sisi watu wa Kambove tungepaswa kulifahamu jambo hili kuliko wengine wote, kwa sababu sisi ni watoto wa mgodi. Chini ya ardhi mna maji, na pampu huyatoa mchana na usiku ili wachimbaji wafanye kazi mahali pakavu. Angetokea kapita na kusema: “Humu ndani sasa ni pakavu, zimeni pampu,” nani asingemshangaa? Ukavu ule si alama kwamba maji yamekwisha. Ukavu ule ni kazi ya pampu. Ukiizima, maji yatarudi, na watu watakufa ndani. Vivyo hivyo nafuu ya mgonjwa wa moyo ni kazi ya dawa. Anayeacha dawa kwa sababu amepata nafuu ni sawa na kapita yule.

Kosa letu linatoka katika mazoea. Mtu akiugua malaria, anakunywa dawa siku tatu, halafu basi. Hata dawa ya kifua kikuu, ambayo ni ndefu, ina mwisho wake. Kwa kawaida ni miezi sita. Kwa hiyo tunadhani kwamba kila dawa ni safari yenye mwisho. Lakini dawa za moyo uliochoka na dawa za tansio ni kama bukari: aliyekula jana anahitaji kula leo, na hakuna anayesema kwamba amelogwa kwa sababu njaa imemrudia. Tena tansio yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kumwumiza mtu hata kidogo. Anayemeza kidonge siku ile tu kichwa kinapomwuma anajidanganya, kwani kichwa si kipimo cha tansio. Na ziko dawa za moyo ambazo zikikatwa ghafla, moyo huanza kwenda mbio kuliko mwanzo.

Si ugonjwa wa wazee wa Ulaya tu

Wengine watasema: “Mambo ya moyo ni ya wazungu wazee na matajiri wanene.” Tunawajibu kwa habari za kweli. Kati ya mwaka 2007 na 2010 waganga wa nchi tisa za Afrika, zikiwamo Uganda na Kenya, waliwaandika wagonjwa 1,006 waliolazwa hospitali kwa sababu moyo umechoka. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu. Kwa wagonjwa 45 hivi katika kila 100, chanzo kilikuwa tansio. Kabla ya miezi sita kuisha, karibu 18 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kufa. Mtu wa miaka 52 kwetu ni mtu wa namna gani? Bado ana watoto shuleni, bado analima shamba, pengine bado ana mama wa kumtunza.

Wako wadogo kuliko hao. Mtoto anaumwa koo, koo halitibiwi, baadaye viungo vinavimba kwa homa, na homa ile inaharibu milango ya moyo. Dawa ya kuzuia moyo usiharibike zaidi ni sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, kwa miaka mingi. Kati ya 2010 na 2012 wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu walichunguzwa katika nchi 14, na katika nchi hizo walikuwamo jirani zetu wa Zambia, Rwanda na Uganda. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini. Waliokuwa wakipata penisilini ile ya kuwakinga walikuwa 55 tu katika kila 100.

Na ikifuatwa, je, inafaa? Tazameni Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko walipatikana watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao kipimo kilionyesha kwamba ugonjwa umeanza kuugusa moyo, ingawa wenyewe hawakuwa na habari. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila majuma manne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kwa watoto karibu 400 waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watatu. Kwa watoto 400 ambao hawakuchomwa, uliendelea kwa 33. Wazazi wa watoto wale waliwaleta kwenye sindano mwezi kwa mwezi, sindano yenye maumivu, na watoto hawakujisikia wagonjwa. Wangesema kama tunavyosema sisi, kwamba asiye na maumivu hana haja ya dawa, wangeyapoteza yote.

Wanaosema kwamba dawa ni upungufu wa imani

Sasa tunafika kwa adui wa kwanza, na tutasema bila kuogopa. Wako wahubiri, na wako hata viongozi wa vikundi vya maombi wanaojiita Wakatoliki, ambao humwambia mgonjwa kwamba akiendelea na vidonge baada ya kuombewa anamtukana Mungu. “Tupa dawa, uonyeshe imani yako.” Mgonjwa anatupa. Kwa kuwa dawa hazitoki mwilini siku moja, siku za kwanza anajisikia vema, naye anatoa ushuhuda mbele ya watu. Baada ya majuma machache miguu inavimba tena. Hapo mhubiri hayupo, au anasema kwamba imani ya mgonjwa ilikuwa haba.

Mafundisho hayo si ya Kanisa. Katika Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, tunafundishwa kumheshimu mganga, kwa sababu Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba dawa zinatoka katika ardhi aliyoiumba Bwana. Sura hiyo hiyo yamtaka mgonjwa amwombe Mungu, kisha ampe mganga nafasi yake. Haisemi achague moja. Mtakatifu Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamtaja kuwa mganga, na Paulo mwenyewe alimshauri Timoteo juu ya tumbo lake. Mwaka 1957 Papa Pio wa 12, akisema na waganga, alifundisha kwamba mtu ana wajibu wa kuulinda uhai wake kwa njia za kawaida. Na mwaka 2000 Roma ilitoa maagizo juu ya sala za kuomba kuponywa, ikieleza kwamba sala haizuii kutumia njia za asili zenye kufaa, bali inatuhimiza kuzitumia. Nani basi aliyempa kiongozi wa kikundi mamlaka ya kufundisha kinyume?

Tena mtazameni vizuri mhubiri huyo. Mara nyingine amevaa miwani. Mbona imani yake haijamwondolea miwani? Anajua kwamba akiivua hataona maandiko, wala hafikiri kwamba kuivaa ni dhambi. Kidonge cha tansio ni kama miwani hiyo. Anayekuambia ukitupe, mwulize kwanza kama yuko tayari kuwalea yatima wako.

Neno moja pia juu ya Kwaresima. Wagonjwa wengine huacha dawa siku ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa sababu wanataka kufunga. Sheria ya Kanisa haimfungi mgonjwa kufunga kwa hatari ya afya yake. Nayo Sakramenti ya Kuwapaka Mafuta Wagonjwa yampa mgonjwa neema na nguvu ya Mungu. Haikuwekwa ili kuchukua nafasi ya kikopo cha dawa.

Wanaotafuta mchawi

Adui wa pili anakuja baada ya mazishi. Mtu alikuwa na tansio, akaacha dawa, mshipa ukapasuka kichwani, akaanguka shambani. Katika kilio hakuna anayeuliza kama alikuwa akinywa dawa. Wanauliza nani alimwonea wivu. Wanamtazama shangazi mzee, au mtoto asiye na mama, na hasira ya ukoo inamwangukia mtu asiye na kosa. Wakristu wanaokubali jambo hilo wanafanya dhambi mbili: wanamsingizia jirani, na wanaifunika sababu ya kweli ili iwaue wengine wa nyumba ile ile. Kwani tansio mara nyingi hupita katika ukoo. Badala ya kumtafuta mchawi, ndugu wa marehemu wangekwenda wote kupimwa mkono.

Wanaosema kwamba wagonjwa ni wakaidi

Adui wa tatu ni yule anayevaa koti jeupe na kusema: “Watu hawa ni wakaidi, tumewaambia na hawasikii.” Hatuwasemi wote, wako wauguzi na Masista wanaowatumikia maskini kwa uvumilivu mkubwa. Walakini neno hilo nalo lapaswa kupingwa. Shirika la Afya la Ulimwengu liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wenye magonjwa ya muda mrefu wanaofuata dawa sawasawa ni karibu nusu tu, na katika nchi maskini ni wachache kuliko hapo. Uchunguzi wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha pia kwamba wengi wa wagonjwa wa moyo uliochoka hawakufuata dawa vema, na kwamba wasiozifuata walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema. Je, nusu ya ulimwengu ni wakaidi? Lazima ziko sababu nyingine.

Mgonjwa anapewa karatasi iliyoandikwa Kifaransa, kwa mwandiko usiosomeka, naye anajua Kiswahili au Kibemba au Kiluba. Haelezwi kwamba dawa ni ya siku zote. Haelezwi kwamba dawa ya kutoa maji itamsumbua kwa mkojo. Basi siku ya kwenda Misa au ya kupanda gari kwenda Likasi anaiacha, kwa sababu anaona haya. Angeuliza, pengine angeruhusiwa kuibadili saa. Iko dawa nyingine ambayo kwa watu wengine huleta kikohozi kikavu. Mgonjwa anadhani imempa kifua kikuu, anaitupa kimyakimya, na kumbe mganga angeweza kumpa nyingine. Anaambiwa apunguze chumvi, lakini hakuna anayemwita mke wake, ambaye ndiye anayepika makayabu. Anaulizwa juu ya lutuku kwa sauti ya kumkemea, basi anasema uongo. Mganga asiyeeleza ameitia dawa katika gunia lililotoboka.

Na juu ya yote hayo kuna umaskini. Wazee wetu wanakumbuka siku za Union Minière, na baadaye Gécamines, wakati mfanyakazi, mke wake na watoto wake walipotibiwa na kampuni. Kazi ilipoanguka miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondoka Gécamines katika mpango wa mwaka 2003, nyumba nyingi za Katanga zilipoteza mshahara na dirisha la dawa pamoja. Mtu aliyezoea kupokea dawa za mwezi mzima sasa anahesabiwa vidonge vichache kwa kadiri ya franka alizo nazo mfukoni. Anakata kidonge nusu. Mume na mke wanagawana kikopo kimoja, ingawa ugonjwa wao si mmoja. Anayemwita mtu huyo mkaidi hajui anachosema.

Tunachangia sanduku, hatuchangii vidonge

Lakini hapa sisi wenyewe, Wakristu wa parokia, tusijifiche nyuma ya umaskini. Mtu akifa Kambove, je, fedha hazipatikani? Zinapatikana. Jumuiya inapita nyumba kwa nyumba. Inanunuliwa sanduku nzuri, linakodiwa gari, watu wanakula na kunywa siku kadhaa mahali pa kilio, na mwanakwaya asiyetoa mchango anaonekana mtu mbaya. Yule yule aliyeishi miezi mitatu bila kidonge, na jirani zake wakijua, anazikwa kwa heshima kubwa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamwumbua. Leo kilio chatuumbua sisi, si marehemu. Tunaona haya kuzika vibaya. Kwa nini hatuoni haya kuacha mtu afe vibaya?

Tunajua kuchanga. Mama zetu sokoni wana likelemba, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake bila karani na bila benki. Kwa nini kila jumuiya ndogo isiwe na likelemba ya dawa, kila nyumba ikitoa kidogo kila juma, kwa ajili ya wagonjwa wasio na uwezo? Vidonge vingi vya tansio ni vya zamani, haviko miongoni mwa dawa za gharama kubwa. Visinunuliwe juani sokoni, mahali pasipojulikana vimetoka wapi, bali katika farmasi ya kuaminika au katika kituo cha afya. Tena visinunuliwe siku vinapokwisha, bali siku tano kabla.

Fedha peke yake hazitoshi. Kila mgonjwa awe na msimamizi, kama tunavyokuwa na msimamizi katika Ubatizo: mjukuu anayejua kusoma, au jirani, atakayemwuliza kila siku: “Umekunywa?” Wale ambao saa zao za dawa ni asubuhi na jioni, na wamwulize muuguzi kama ndivyo, wameze kengele ya Malaika wa Bwana inapolia, hivyo sala itaikumbusha dawa, na dawa itaikumbusha sala. Mgonjwa akitaka kuacha kidonge kwa sababu kinamsumbua, asiache kwa siri. Arudi akaseme, na msimamizi wake aende pamoja naye, ili karatasi isomwe na kuelezwa kwa lugha wanayoisikia wote wawili. Anayekaa mbali na Likasi asingoje mpaka pumzi ikatike ndipo aanze kutafuta nauli.

Sisi makatekista tunayo kazi yetu pia. Tunapopeleka Komunyo, tuitazame na meza iliyo karibu na kitanda: vidonge vipo, au kikopo ni kitupu? Kikiwa kitupu, habari hiyo ifike kwa mkubwa wa jumuiya siku ile ile, kama vile habari ya kifo inavyofika. Na katika mafundisho ya wakubwa, Amri ya Tano ifundishwe mpaka mwisho wake. Usiue maana yake ni pia usijiue polepole kwa uzembe, wala usimshauri jirani yako ajiue kwa jina la imani.

Basi, Mkristu mwenye ugonjwa wa moyo, unayesoma ukurasa huu na kujisikia mzima: mshukuru Mungu, kisha umeze dawa ya leo. Na wewe jirani yake, usingoje kuitwa kwenye kilio ndipo ufungue mfuko. Jumapili hii, baada ya Misa, mwulize ana vidonge vya siku ngapi.